Darubini Iliyovuta Mboloko

Kuna wakati niliamini, kwa moyo wangu wote na kwa diploma yangu nzima, kwamba darubini ya bunduki humvuta mnyama. Sisemi anaonekana karibu. Hapana, anakuja. Unaweka jicho kwenye kioo, na mboloko, yule swala mdogo wa msitu wetu, anateleza juu ya majani kama sahani juu ya meza, mpaka anafika pale risasi inapomtaka. Ukikosea ukatazama kwa upande wa pili, unamsukuma. Nilimjua mtu aliyemjua mtu ambaye shemeji yake alimsukuma nguruwe wa porini kutoka nyuma ya Lubunga mpaka Yangambi, na watafiti wa kule wakamkuta asubuhi amesimama katikati ya mihogo yao ya majaribio, anahema.

Msinicheke haraka. Jambo hili nililipata shuleni. Nilisoma masomo ya jioni, na mwalimu wetu wa fizikia aliandika ubaoni juu ya lenti, kile kioo cha duara cha darubini: lenti huleta kitu karibu. Akageuka atueleze namna gani, na hapo hapo umeme ukakatika. Sisi wa Kisangani tuna maporomoko ya Tshopo, tuna bwawa, tuna mitambo, na tuna mishumaa. Tulingoja gizani mpaka mwalimu mwenyewe akachoka akaenda kwake. Wiki iliyofuata hakurudi kwenye lenti, alianza sumaku. Sasa mtu akiachiwa sentensi moja tu juu ya lenti, halafu akafundishwa sumaku juu yake, mnataka afikiri nini? Jirani yangu wa benchi, fundi cherehani aliyerudia darasa lile mpaka walimu wakawa wanamwamkia, alinimalizia somo: ile darubini ya wawindaji wa Ulaya ina vyote viwili. Nikafaulu mtihani. Swali la lenti halikutoka.

Tonton wangu, ndugu mdogo wa mama, ni mwindaji wa Lubunga, ng'ambo ya mto. Bunduki yake ilikuwa ya kartushi, zile za kutawanya marisawa, kalibre kumi na mbili, ambayo kwetu kila mtu huiita duze, ya mtutu mmoja, imefungwa waya kiunoni kama mgonjwa wa mgongo. Siku moja mtutu ulipasuka mdomoni kama ndizi iliyoiva. Na ulichagua wakati mbaya kuliko nyakati zote, kwa maana baba mkwe wake alikuwa amefariki na matanga yalikuwa yanakaribia kuondolewa.

Wakwe zake ni wavuvi wa upande wa mjini, kwenye maporomoko ya mto mkubwa. Kwao, siku ya kuondoa matanga, samaki ni kazi ya wenye kilio, na nyama ya msitu ni kazi ya mkwe. Aiwinde mwenyewe, ailete nzima, na kichwa chake na manyoya yake, isije ikasemwa ameiokota vipande vipande sokoni. Mpaka nyama hiyo ilale uani, mjane havui kitambaa cheusi kichwani. Kwa hiyo tonton hakuwa anatafuta bunduki tu. Alikuwa anatafuta uso wa kuingia nao kwa mama mkwe wake, mwanamke ambaye hata salamu yake ina mwiba wa samaki ndani.

Ndugu wakachanga, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na diploma mpya katika ukoo, wino bado mbichi, nikateuliwa mshauri wa ufundi. Bunduki sikuwahi kuishika. Lakini nani amewahi kuteuliwa mshauri katika nchi hii kwa sababu ya kushika kitu?

Tulikwenda kwenye duka la papa mmoja, ndivyo tunavyomwita mzee, wa ukoo wa zamani wa Kiislamu, wale ambao babu zao walikuja na misafara na wajukuu wakabaki na mizani. Alikuwa na bunduki mbili za komeo, mpya kabisa, alizoachiwa auze na bosi mmoja wa mbao aliyerudi kwao, karatasi zake zote zimo. Akazilaza juu ya kitambaa, moja huku, moja kule, kama wachumba.

Ya kwanza ilikuwa nyeusi. Kitako chake plastiki tupu, kama mpini wa kikaango. Mtutu mfupi, wa kijivu, usiong'aa. Risasi zinakaa katika kisanduku kidogo kinachochomolewa chini ya tumbo. Darubini haikuwa nayo. Bei yake ilikuwa bei ya binadamu. Papa alitueleza kwamba plastiki haivimbi. Katika unyevu wa msitu wetu ubao hunywa maji, ukivimba unausukuma mtutu, na risasi inakwenda inakotaka yenyewe. Nikamjibu kwamba bunduki ya kuwinda si ndoo.

Ya pili, ee mama yangu. Kitako cha mti wa jozi, kimepakwa mafuta mpaka ungeweza kunyolea ndevu mbele yake, kimechongwa vimistari vidogo pale mkono unaposhika. Mtutu mrefu, wa buluu ya usiku. Komeo la ile nyeusi, ukiinua kile kimkono cha chuma ukavuta nyuma ukasukuma mbele, lilisema kra, kama mlango wa choo. La hii lilisema tsi, kama sanduku la askofu. Na juu yake ilikaa darubini, ambayo tonton huiita luneti, nene kama chupa ya bia. Bei papa hakuitamka. Aliiandika kwenye kiganja akatuonyesha, kama daktari anayeficha ugonjwa mbele ya mgonjwa.

Pale mlangoni pa stoo palikuwa na ya tatu, duze kuukuu, imeegemezwa kuzuia mlango usijifunge. Tonton aliiona. Aliinama akaigusa, akaikunja katikati kwenye bawaba yake, akachungulia mtutu, akaifunga. Ndugu wakacheka mpaka akairudisha kazini kwake.

Mashauri yakaanza. Mmoja alisema nyeusi ni ya kisasa, iko kama ya askari wa sinema. Mwingine akasema ndiyo sababu haifai, wakwe watadhani tumekuja kuwavamia. Tantine, mke wa tonton, ambaye baba yake ndiye aliyekuwa analiliwa, alitaka ile nyeusi kwa ajili ya bei. "Mie sipiki kitako," alisema. Hakusikilizwa, huwa hasikilizwi katika mambo anayoyajua.

Papa aliuliza swali moja tu. "Mnawinda wapi?"

Tonton alifungua kinywa, lakini mimi ndiye niliyekuwa mshauri. Nikajibu kwamba swali hilo limepitwa na wakati. Zamani ilibidi kuuliza mwindaji anawinda wapi. Leo, kwa nguvu ya lenti, mahali pote ni hapa. Nikawaeleza mvuto, nikachora kwa kidole juu ya vumbi la meza mnyama, kioo, na mshale unaorudi. Papa alinitazama kama mtu anavyomtazama mbuzi aliyeingia msikitini. Akafungua kinywa, akawaona ndugu wanavyotikisa vichwa kwa sifa, akakifunga. Mfanyabiashara akimkuta mteja anajishawishi mwenyewe, hamkatizi.

Kilichomaliza mjadala kilikuwa kioo, lakini kile cha ukutani. Tonton aliambiwa ajaribu. Aliweka kitako begani, akajiona kiooni, na nikaona mabega yake yanapanuka kama mkate ndani ya tanuri. Mtu aliyewinda miaka yote na bunduki ya waya, mara moja alionekana kama mwenye msitu. Na tukailipa.

Wiki ile bunduki haikuua kitu ila simu. Lubunga nzima ilipiga picha nayo. Mchungaji alipiga. Muuza mafuta ya mawese alipiga, na mtungi kichwani. Ilipanda kwenye WhatsApp mpaka wakwe kule maporomokoni wakaiona kabla ya kumwona mkwe, na habari zikarudi kwamba mama mkwe ameitazama kwa muda mrefu, akauliza kama na hiyo inatafunwa.

Tukaingia msituni upande wa njia ya Opala, tonton mbele, mimi nyuma, nimebeba maarifa. Msitu wetu asiyeujua namwambia hivi: ukinyoosha mkono, vidole vinapotea. Tonton alichuchumaa nyuma ya mzizi, akabana pua kwa vidole viwili, akaanza kulia kwa sauti nyembamba ya puani, kama mtoto aliyenyimwa. Nyaa, nyaa. Hivyo ndivyo wanavyofanya wawindaji wote wa kwetu. Mimi niliiona ni desturi tu, kama kupiga ishara ya msalaba kabla ya kula.

Mboloko akaja. Alitoka ndani ya majani mbio mbio kama aliyeitwa na mwenye nyumba, akasimama mbele yetu, karibu kiasi cha kumtemea mate. Tonton akainua bunduki, akaweka jicho kwenye darubini. Akangoja. Akasogeza mtutu kushoto. Akasogeza kulia. Baadaye tantine alimtoa maneno: ndani ya kioo hakuona mnyama, aliona manyoya tu, ukungu wa manyoya, kama mtu aliyetia jicho ndani ya blanketi. Hakujua kama ni shingo au ni tako.

Mimi nilielewa papo hapo kinachotokea. Nikamnong'oneza, "Tonton, umemvuta kupita kiasi. Geuza upande wa pili, umrudishe kidogo."

Alinitazama. Sijawahi kutazamwa vile hata na mkaguzi wa mitihani. Mboloko naye alitutazama wote wawili, akafikiri lake, akaondoka kwa miguu yake, bila haraka. Tonton alifyatua nyuma yake. Tuliua mti, mti mzuri sana. Tuliita tena sehemu nyingine, akaja mwingine, akawa blanketi vilevile. Tukarudi Lubunga na bunduki inayong'aa na kikapu kinacholia kwa utupu.

Na siku ikafika. Kwa kuwa mkwe haingii mikono mitupu, ndugu walikimbilia sokoni, na siku ile nyama nzima haikuwepo, si kwa manyoya wala bila manyoya. Walichopata ni mpiodi. Kwa asiyemjua, mpiodi ni samaki wa bahari ya mbali, anayekuja kwetu amegandishwa ndani ya katoni, mgumu kama tofali, macho yakisikitika. Tulivuka mto kwa mtumbwi, tukapita juu ya samaki hai wengi kuliko watu wa mji, tukapeleka katoni ya samaki wa friji nyumbani kwa wavuvi. Kama kuna ukoo uliowahi kupeleka mchanga jangwani, uje tupeane mikono.

Uani palikuwa na samaki wao, wakubwa kama wanafunzi wa sekondari, wamelazwa juu ya majani. Tonton alikuwa amevaa suti, na bunduki begani, maana ndugu walisisitiza ionekane. Mama mkwe akatoka na kitambaa chake cheusi. Akaitazama katoni inayodondosha maji. Akaitazama bunduki. Hakupaza sauti.

"Bon," alisema. "Mukwe wetu amevuka mto ya samaki, atuletee samaki. Ile bunduki iko ya kuvua?"

Watu walicheka mpaka mmoja akakaa juu ya samaki. Mama mkwe hakucheka. Alisema chakula kiliwe, wageni wana njaa, ila kitambaa atabaki nacho kichwani mpaka mkwe atakapokumbuka yeye ni mkwe. Wengine wote walivua vyao. Yeye akabaki mweusi peke yake katikati ya karamu, na tonton akabaki amesimama na mti wake wa jozi. Wakati wa kurudi hakuna aliyeomba kupiga picha.

Kesho yake tonton alivuka mto na bunduki mwenyewe mpaka dukani. Nilimfuata, nikimshauri njiani kwamba tuombe darubini dhaifu kidogo, yenye mvuto wa kadiri. Aliiweka ile malkia juu ya meza ya papa, akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa stoo, akaichukua ile duze kuukuu. Mlango ukajifunga kwa kishindo. Papa akaweka gogo mahali pake, akampa kartushi sanduku zima kama nyongeza, na kuhusu fedha zetu zilizobaki kwake sitasema, kwa sababu ndugu waliochanga wanaweza kusoma hapa. Papa alisema tu, "Sasa ndiyo umenijibu mnawinda wapi."

Safari ya msituni iliyofuata tonton hakunichukua. Nilimkuta kwa wakwe, ametangulia, na mboloko wawili mabegani, manyoya yote, vichwa vyote, pembe zao ndogo kama karafuu. Shati limechanika, miguu tope, na hajawahi kupendeza hivyo. Mama mkwe aliinama, akawageuza, akavuta sikio la mmoja kana kwamba anajaribu kitambaa cha sokoni. Kisha akainuka, akafungua fundo nyuma ya shingo, akavua kile cheusi, akakikunja vizuri, akampa binti yake. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote, hakuna aliyejua.

Mimi, kwa kuwa kila furaha inahitaji maelezo, nikaanza kuwafafanulia wakwe jambo la ajabu lililotokea: kwamba darubini, hata ikiondolewa, huacha mvuto wake kwa mwindaji kwa siku kadhaa, ndiyo maana mboloko hawa walikuja karibu. Nilikuwa nimefika kwenye sumaku tonton aliponishika mkono.

"Mutoto ya dada yangu," alisema, bila hasira hata kidogo, "luneti haivute nyama. Inaikuza tu ndani ya jicho. Nyama, ni miye naita, na pua."