Viatu vya Asahel Tindal

Vuli ya mwaka 1860, Asahel Tindal alijiwekea sheria na kuitangaza barazani kwake mbele ya majirani: kitu chochote kilichotengenezwa majimbo ya Kaskazini ya Marekani hakitavuka tena lango lake. Sheria hiyo aliishika barabara, ila pale ilipomgusa yeye mwenyewe.

Hakuwa mtu mkubwa. Shamba lake la pamba lilikuwa la kadiri, huku bara ya Karolina Kusini, na sisi watumwa aliotumiliki tulienea katika vibanda sita. Alisoma gazeti moja tu, kwa sauti, ili hata asiyetaka asikie. Humo alijifunza kwamba watu wa Kaskazini wanampandishia ushuru wa forodha ili viwanda vyao vinenepe, na kwamba baada ya kumkamua wanataka kumwamulia hata mambo ya nyumbani kwake.

"Mtu huru haamriwi na mtu!" alikuwa akisema, huku amemnyooshea mguu mwenzetu Mjomba Cudjo amvue buti.

Mjomba Cudjo alivuta buti, akaitikia, "Ndiyo, Bwana." Kicheko tulikiweka hadi tufike vibandani.

Sasa, kila mwaka mavuno ya pamba yakikaribia kwisha, kila mmoja wetu alikata kijiti chenye urefu wa wayo wake na kukitia alama. Vijiti vyote vilifungwa pamoja vikapelekwa kiwandani Massachusetts, huko Kaskazini, na ilipofika Krismasi viatu vilirudi. Vilikuwa viatu vya hovyo, havijui kulia wala kushoto, lakini vilizuia baridi. Mwaka ule Tindal alitwaa fungu la vijiti akalitupa motoni.

"Mwaka huu hatuwapelekei hata senti!" alisema.

Jioni ile Mjomba Cudjo alikaa mlangoni pake akijikuna kisigino. "Mnaona mambo? Mguu wangu haujawahi kuvuka hata mto wa jirani. Lakini kijiti chake kilikuwa kinakwenda nchi ya watu huru kila mwaka, kinatembea, kinarudi. Leo hata kijiti kimenyimwa ruhusa."

"Nyamaza, Mjomba," Bina alimwambia. "Wewe unacheka kwa sababu huna safari."

Bina ndiye aliyekuwa na safari. Binti yake, Phibby, alitolewa zawadi ya harusi kwa binti wa Tindal, kama mtu anavyotoa seti ya vikombe, akapelekwa shamba la ng'ambo ya kinamasi. Bina aliruhusiwa kwenda kumwona kila Jumapili, alfajiri kwenda na jioni kurudi, njia yote kwa miguu. Hakuwa na kingine katika dunia hii isipokuwa mtoto yule na miguu ya kumfikia.

Kama kuchoma vijiti kungekuwa mwisho, tungevaa viatu vya mwaka uliopita tukavumilia. Lakini uzalendo hauna maana bila watazamaji. Wiki moja kabla ya Krismasi, habari zilipoenea kwamba jimbo letu linajitoa kwenye muungano, Tindal aliwaita majirani, akaagiza viatu vyote vya Kaskazini viletwe uani, vikuukuu na vyenye kiraka. Vikarundikwa, vikamwagiwa mafuta ya tapentaini na kutiwa moto.

Bina alisimama na viatu vyake mkononi, asivitue. "Bwana, hivi vilinunuliwa kabla ya ugomvi."

"Vimetoka kwa adui, Bina."

"Na buti zako, Bwana?"

Buti zile zilitoka mji ule ule wa viatu vyetu, na kila mtu alijua, kwa kuwa Tindal alizisifu miaka mitatu mfululizo kabla ya kusoma gazeti. Alizitazama kana kwamba zimemfuata bila kualikwa.

"Hizi," alisema, "nilizinunua kabla ya ugomvi."

Mkewe, Lavinia, aligeuka akatazama kuku. Bina akatupa viatu vyake motoni. Majirani walipiga makofi, na mmoja wao akalia machozi, ingawa huenda ulikuwa moshi wa ngozi.

Krismasi tulipewa viatu vya jimbo huru. Tangu alipochoma vijiti Tindal alikuwa amechinja ng'ombe wawili wazee, akaamuru ngozi ichovywe kwenye maji ya magome ya mwaloni kwa wiki chache, kazi inayotaka karibu mwaka mzima. Hakuwa na muda. Historia ilikuwa inamharakisha. Viatu vile vilinuka hata mbwa wakaacha kuwinda na kutufuata sisi. Vikilowa vilikuwa uji, vikikauka vilikuwa chuma.

"Vaeni kwa fahari," Tindal alituambia. "Hivi vimetengenezwa na mikono ya nyumbani."

"Hilo kweli, Bwana," alisema Mjomba Cudjo, aliyevishona mwenyewe. Tulipofika vibandani akaongeza, "Na ng'ombe bado hajajua kama amekufa."

Januari mvua ilinyesha Jumamosi kutwa, na usiku ikaja baridi kali isiyo ya kawaida kwetu. Alfajiri Bina alivaa viatu vyake. Tulimwambia asubiri Jumapili nyingine.

"Shoga, mwanangu ananingoja kwenye uzio," alinijibu. "Asiponiona atadhani nimeuzwa."

Kinamasini viatu vililowa vikafumuka, soli zikabaki matopeni. Akaendelea peku juu ya barafu. Alifika, Phibby akamkumbatia uzioni. Njia ya kurudi aliitembea miguu imefungwa vitambaa vya sketi, na alipofika hakuwa anaihisi.

Vidole vilipoanza kuwa vyeusi, Tindal alikuja akasimama mlangoni pa kibanda, na buti zake. Alitikisa kichwa.

"Tazama walichotufanyia watu wa Kaskazini," alisema.

Hakuwa anatania. Maneno hayo aliyarudia kwa majirani, kisha kwa mchungaji, na kanisani akaombewa kwa hasara yake.

Tindal alitimiza sheria yake, na haikumgharimu chochote. Bina ilimgharimu vidole vyote vya miguu miwili. Hakuweza tena kuvuka kinamasi, na Phibby, aliyengoja kwenye uzio Jumapili baada ya Jumapili, hakumwona mama yake tena.