Siku Nilipompa Mama Ushindi Usio Wake

Jamani, hii aibu nimeibeba mpaka imenichosha, kwa hiyo acheni niwasimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wengine ikiwa imeongezwa chumvi.

Tulikuwa na mashindano ya kwaya tatu, Rugera, Ihembe na Kanoni, zawadi mbuzi, na mimi (kiherehere changu hiki) nikamwambia mchungaji asihangaike na karatasi, nitatengeneza programu kwenye kompyuta, majaji watatu wataandika alama zao, yenyewe itajumlisha na kutaja mshindi. Ndiyo kwanza nilikuwa najifunza. Halafu, ili ipendeze, nikaficha jumla, likabaki jina la mshindi tu, kubwa, la kijani. Hapo ndipo nilipojimaliza.

Majaji wakaandika, nikabonyeza, likatokea jina la Rugera, kwaya ya mama yangu mzazi. Mama anaimba pale tangu sijazaliwa na hawajawahi kushinda. Alilia, wenzake wakapiga vigelegele, mbuzi akachinjwa hapohapo nyuma ya kanisa na ndizi zikaanza kumenywa.

Wakati nyama iko jikoni, mwalimu wa kwaya ya Ihembe akanifuata taratibu, akasema hana ugomvi, anaomba tu kuona alama. Nikazifungua kwa kujiamini kabisa, kwenye skrini kubwa, watu wote wanaona. Rugera 726061. Ihembe 718890.

Mchungaji akavaa miwani. "Laki saba, mwanangu? Si kila jaji mwisho wake mia?"

Nilitamani ardhi inimeze. Kumbe chochote unachoandika, kompyuta inakipokea kama maandishi, hata kama ni namba, mpaka uiamrishe ikigeuze kuwa namba, na mimi sikuiamrisha, kwa hiyo badala ya kujumlisha 72, 60 na 61 za Rugera ikazipanga tu kama shanga kwenye uzi, na kwa kuwa alama ya jaji wa kwanza ndiyo iliyotangulia, aliyependwa naye ndiye akawa mshindi. Nikarekebisha mbele ya watu. Ihembe 249, Kanoni 210, Rugera 193. Minong'ono ikaanza kuwa nimembeba mama yangu (hata mimi ningekuwa wao, nisingeamini).

Nikamfuata mama jikoni. Alikuwa anageuza nyama, bado amevaa sare ya kwaya.

"Mama, nilikosea. Walioshinda ni Ihembe."

"Sisi wa pili?"

"Wa tatu, mama."

Akaendelea kugeuza nyama mpaka nikatamani anipige.

"Ungeniacha nile kwanza," akasema.

Kisha akapakua sinia nzima na kuwapelekea Ihembe mwenyewe, akawapongeza mmoja mmoja, mimi nimejificha nyuma ya mlango.

Programu bado natengeneza, na siku hizi kila kinachoandikwa nakigeuza kuwa namba kabla sijakigusa. Lakini mashindano anayoimba mama sisogelei tena, naapa. Hajanisema hata siku moja, na afadhali angenisema.