Supa Kwanza

Neno "tulishafanya" linanitia kichefuchefu mpaka leo. Bosi wangu pale kwenye mashine ya kukoboa mpunga, huko Mlabani, halikumkauka mdomoni. Tatizo likija halitazami lenyewe; anauliza tu mwaka gani lilitokea na tulifanyaje.

Ubaya wenyewe, dawa aliyoipenda kuliko zote niliitengeneza mimi. Msimu mmoja umeme ulikuwa unakatika hovyo, mashine inafanya kazi saa chache tu kwa siku. Kila tukibadilisha aina ya mpunga ilibidi tusimame, tusafishe, turekebishe upya. Mimi ndiye niliyekuwa napanga nani akoboe lini, basi nikasema tuache foleni, tukoboe mbegu ya supa yote kwanza, ikiisha ndiyo tuingize mbegu nyingine. Ikakubali. Bosi alinisifu mbele za watu, na mimi nikavimba kichwa.

Mwaka huu umeme ulikuwepo. Kilichotukamata ni mvua, iliyogoma kuondoka watu wakiwa wanavuna. Mpunga ukaja umelowa, na mpunga wa hivyo ukiuingiza mashineni unatoka chenga tupu. Lazima uanikwe kwanza. Kwa hiyo safari hii kilichogombaniwa ni uwanja wa kuanikia, ile sakafu ya saruji nyuma ya jengo. Mashine yenyewe ilikuwa inashinda bure. Nilimwambia bosi wenye mpunga uliolowa zaidi ndio watandaze kwanza, iwe supa iwe nini, na wenye mkavu wakoboe waondoke. Akacheka. Eti tulishafanya, supa kwanza, na mambo yalikwenda vizuri.

"Mzee, mwaka ule shida ilikuwa umeme," nikamwambia.

"Si mpango wako mwenyewe huu? Leo unaukana?"

Nikatoka nje.

Siku hiyohiyo mama alifika kutoka Idete na gunia zake juu ya kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Mpunga wa chakula cha nyumbani, cha mwaka mzima, wa mbegu yetu ya zamani, siyo supa. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku anatabasamu; njiani alikuwa amewaambia wenzake wasiwe na wasiwasi, mwanawe ndiye anayepanga pale. Nikatia mkono kwenye gunia. Umelowa chapachapa.

Nikamrudia bosi, nikamwomba kona tu ya uwanja. Akasema akimpa mama yangu, kesho kila mtu ataleta mama yake. Uwanja ukajaa supa ya wenye malori, nyingine kavu kabisa, imetandazwa kwa sababu tu ni supa. Kuurudisha mpunga wa mama Idete nako hakukuwezekana: kirikuu kilishaondoka, barabara ilikuwa tope, na mvua ya huko ni ileile. Tukapanga gunia barazani, mama akarudi nyumbani kwa bodaboda kusubiri. Kila asubuhi nilitia mkono ndani nikakuta joto, mpaka siku moja ikatoka harufu ya togwa iliyochacha. Supa ilikuwa bado haijaisha.

Zamu yake ilipofika mama alikuja mwenyewe. Mpunga ukaanikwa, ukakobolewa, na mchele ukatoka wa njano, umekatikakatika. Nilitamani amtukane bosi ili na mimi nipate pa kuingilia. Wala. Bosi alishamwahi mlangoni, kwa adabu zote, na shikamoo juu, akamweleza kwamba utaratibu ule haukuwa wake, ulikuwa wa mwanawe.

Jumapili baada ya misa nilikwenda Idete. Mama alikuwa amepika mchele uleule, na nyumba nzima ilinuka uchachu. Akanipakulia sahani, akaijaza kuliko za wengine, akaiweka mbele yangu.

"Kula, mwanangu," akasema. "Ndivyo ulivyopanga."