Shosho alikataa kusaini fomu yangu, na hivyo ndivyo masters yangu ilipona

Wakuu, sasa? Hii siongezi chumvi hata kidogo. Nikidanganya mnipige ban.

Mimi nauza viatu vya mitumba hapa Ruiru. Pia nasoma masters ya fikra za kijamii na kisiasa. Ndio, hiyo. Mama yangu Wambui mpaka leo anaambia watu nasomea kuwa MCA, yaani diwani.

Swali la thesis yangu ni moja tu: kwa nini watu hukubali kutawaliwa?

Nikaandika proposal, maneno mazito mazito. Panel ya walimu ikaniangusha. Mwalimu mmoja akaniambia, "Hapa ndani hakuna binadamu hata mmoja."

Nikapewa nafasi ya mwisho. Nikianguka tena, masters imeisha. Nililia, sitaficha. Hiyo kitu ilikuwa imenikulia weekend zote za watoto wangu.

Halafu nikakumbuka kwetu Gatuanyaga kuna mradi wa maji. Mwenyekiti ni mmoja tu tangu bomba lifike. Kila mkutano wa mwaka anauliza kama kuna mwenye anataka kiti, watu wananyamaza, anaendelea. Nikasema haya, binadamu ndio hawa!

Nikaenda mkutano wao Jumapili baada ya kanisa, na zile fomu za mtu kukubali kuhojiwa. Nikagawa. Nikasema, "Saini hapa chini."

Wueh!

Mnajua vile pande zetu mabroker wa mashamba wametusumbua. Mtu akija na karatasi ya kusaini, huyo anataka shamba, hata kama mlimwona akizaliwa. Fomu zilirudi tupu zote.

Shosho Njeri, nyanya mmoja jirani yetu mwenye mbuzi (jina nimebadilisha), akanirudishia yake ikiwa imekunjwa vizuri.

"Wewe msichana wa Wambui, hapa hatusaini. Lakini uliza. Na chenye utaandika, utakuja utusomee kabla hujapelekea hao walimu wako."

Ningefanya nini? Nikakubali. Supervisor wangu wa chuo naye akasema ridhaa ya mdomo inatosha, bora niirekodi.

Nikahoji watu, nikaandika sura moja safi. Nikarudi Jumapili ingine kuwasomea, natafsiri kwa Kikuyu nikienda. Mwenyekiti ameketi mbele na koti lake. Nikafika pale nimeandika, "Wanachama wanamkubali mwenyekiti wao."

Shosho akainua mkono.

"Hapo umedanganya. Hatukumkubali. Tulichoka kukataa."

Ngai! Nikajua leo nimevunjia watu mradi wao.

Mwenyekiti akasimama polepole, akavua kofia. "Kwani mnadhani mimi sijachoka? Kila mwaka nauliza, mnanyamaza. Naona aibu kuwaacha hivyo."

Watu walicheka mpaka wengine wakapangusa macho. Siku hiyo hiyo wakachagua mama mmoja mwenye duka hapo kwa barabara. Mwenyekiti wetu wa zamani akaenda nyumbani mwepesi, kama mtu ametua gunia.

Mimi naandika mbio mbio. Wakuu, hiyo ndiyo thesis! Watu hawakukubali, na anayewaongoza pia hakukubali, na mambo yanaenda miaka yote juu kila mtu anadhani mwenzake ndiye anataka. Hiyo haikuwa kwa proposal yangu yote ya kwanza.

Nikaenda mbele ya panel. Yule mwalimu aliyenimaliza mara ya kwanza akauliza, "Hii ya kuchoka kukataa, umeitoa kwa mwanafikra gani?"

Nikamjibu, "Ni shosho fulani anafuga mbuzi Gatuanyaga."

Akaandika jibu langu kwa karatasi yake. Halafu akasema huyo shosho nisimfiche kwa footnote, nimweke pale juu na wanafikra wenzake.

NIMEPITA wakuu! Nilipiga nduru kwa korido mpaka secretary akatoka kuangalia nani ameumia.

Somo nililopata: ukiandika juu ya watu, rudi uwasomee. Utaaibika, haki ya Mungu, lakini kazi yako itakuwa na ukweli ndani.

Sasa zamu yenu, dondosheni hapo chini. Kwa chama chenu, kwa kanisa, hata kwa nyumba: yule anawaongoza mlimkubali, ama mlichoka tu kukataa?

Na yeye mwenyewe, kuna mtu amewahi kumuuliza kama amechoka?