Kinu cha Mudachi na Kichwa Changu

Mwaka ule tulikula ndagala asubuhi, ndagala mchana, na jioni tukala ndagala kwa mawese, kwa sababu mvua iliozesha maharagwe huko mlimani na hakuna aliyeshuka na kikapu, mpaka paka wa Rumonge wenyewe wakawa wanageuza uso ukiwatupia samaki. Muulize mtu yeyote wa umri wangu, mwaka wa paka kususa ni upi, atakwambia ni ule, Mudachi bado yuko, bendera yake bado inapepea. Na ndio mwaka ambao soko zima liliona kichwa changu. Nasema kichwa, sisemi nywele. Nywele hazikuwepo. Cheka sasa hivi umalize, maana nikianza kusimulia sitaki kukatizwa.

Mimi nilikuwa msusi, tena si msusi wa kubahatisha. Shangazi yangu, aliyevuka ziwa pamoja na baba, ndiye aliyenitia kazi hii vidoleni, na hakuna bibi harusi wa Kiislamu hapa mjini aliyeingia kwa mumewe bila kupita magotini kwangu. Nilikuwa naringa, kwa nini nifiche? Lakini chini ya kilemba changu mambo yalikuwa mengine. Nilikuwa nimechanganya dawa ya kutia nywele weusi, majivu makali ya maganda ya ndizi, mawese, na majani fulani (siyataji, usije ukajaribu), nikajipaka mwenyewe kwanza ili nisimuumize mtu, na asubuhi nywele zikabaki mkekani na mimi nikainuka bila nywele. Zilizobaki zilisimama visiwa visiwa, nikazinyoa. Aliyejua ni mume wangu Saleh peke yake, naye alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaapa hatasema. Msusi mwenye upara ni kama mpishi anayetapika chakula chake mwenyewe, nani atakaa kula?

Na kuna lingine, nalisema mapema ili unielewe huko mbele: nilikuwa nimekaa katika ndoa miaka na sijapata mtoto. (Leo wajukuu wangu hawaenei kwenye jamvi, wanasukumana, lakini wakati ule hapana.) Wanawake tukikutana ziwani kufua, ikifika habari ya watoto, walikuwa wananyamaza nikikaribia, halafu mmoja anasema, "Eh, leo maji yametulia." Unaijua sauti ile.

Basi akaja Mudachi mmoja na sanduku lenye miguu mitatu. Alikuwa anazungusha mpini wa ubavuni, kirikiri-kirikiri, kama mtu anayesaga, na watu wakaliita kinu. Kinasaga nini? Hakuna aliyejua. Unga hautoki. Mimi nilikizunguka kile kitu kama kuku anayezunguka chungu kilichofunikwa, mpaka Feruzi, mkalimani wake, mtu wa kofia nyekundu ya fezi na maneno mengi, akanihurumia, akanipa kipande cha utepe uliotoka ndani, unateleza kama ngozi ya kambale. Nikauinua juani. Nikaona mtu mdogo, na chini yake mtu yule yule, na chini yake yule yule tena, ila mguu umesogea kidogo.

"Feruzi, hawa wamezaliwa mapacha wangapi?"

"Ni mtu mmoja, dada Mwanaidi. Ukiwapitisha haraka mbele ya taa, anatembea."

"Anatembea kwenda wapi?"

"Haendi popote. Anatembea tu."

Nilirudi nyumbani nikamweleza Saleh, na Saleh akasema Mudachi amepigwa na jua, lakini mimi ule mguu uliosogea haukunitoka. Mtu anatembea na haendi popote! Nilitaka kumwona mtu huyo kuliko nilivyotaka kitenge kipya. Ndiyo maana Feruzi alipokuja kesho yake akasema Bwana anataka watu ya zamani, watu wa kabla ya mashati na miavuli, mtawala na mkewe na askari wake wa mikuki, lakini watu wa mlimani wenyewe wamekataa kusimama mbele ya kinu, na je, mimi nitaweza kuwachukua hawa hawa wachukuzi na wavuvi wa mjini niwafanye kuwa watu wa kale, nikasema "Naweza" kabla hajafunga mdomo.

Na niliweza, haki ya Mungu. Wachukuzi niliwanyoa nikawaachia masunzu, yale matuta ya nywele ya watu wa mlimani yanayopinda kichwani kama mwezi mchanga, nikayasimamisha kwa siagi. Kasongo mvuvi, kijana ambaye ndevu zilikuwa bado zinamuomba ruhusa, nikamfanya mtawala mzee: majivu na utomvu wa ndizi kwenye nywele, mvi hizo hapo. Makunyanzi je? Unamvuta mtu ngozi ya shavu kwa vidole, unapaka ute wa yai, unaacha ukauke ukiwa bado umeshika, kisha unaachia. Ngozi inarudi na mikunjo yake, mtu amezeeka mbele ya macho yako. Kasongo alijitazama kwenye beseni la maji akashtuka.

"Nitakuwa hivi mpaka lini?"

"Mpaka unawe uso."

"Na nisiponawa?"

"Utaozeshwa kikongwe. Kaa kimya, usicheke, utapasuka."

Akabaki mke wa mtawala, awe na mtoto mgongoni. Hapo kazi ikasimama. Wenye watoto walisema kinu kitasaga kivuli cha mtoto, na wanawake wetu wa mjini hawawezi kusimama kichwa wazi mbele ya mwanaume wa watu. Ndipo akatokea Bukuru. Bukuru alikuwa msichana wa kijiji cha Kizuka aliyekuwa akiniletea mawese, mcheshi, mwenye shingo ndefu, na alikuwa ameposwa na Misago, kijana wa juu huko Bugarama. Ng'ombe wa mahari alikuwa amekwisha kuchaguliwa, bado kushushwa tu. Akasema, "Mimi nitasimama. Nataka kuona kama nitatembea bila kwenda popote." (Nilikuwa nimemwambia. Nilimwambia kila mtu.) Tukafunga kibuyu kwa kitambaa, tukambebesha mgongoni, na ukikitazama kwa mbali ungetaka kukiimbia wimbo kilale.

Lakini kichwa chake kilibaki kitupu, hakikuwa na kitu cha kusema huyu ni mke wa mtu mkubwa. Feruzi akasema, "Mama wa Warundi anafungaga kitu hapa," akajigusa kipaji. Nilijua anachosema. Urugori, taji ya ganda la bua la mtama, inavaliwa na mwanamke aliyezaa, na haivaliwi na mwingine. Nilijua hivyo kama ninavyojua jina langu. Lakini nilikuwa mtu wa mjini, naona mambo ya mlimani ni mambo ya mlimani, nikasema moyoni huu ni mchezo, ni bua la mtama tu, nikalibandua ganda, nikalisuka, nikamfunga Bukuru. Akapendeza! Hata Mudachi akapiga makofi.

Ilitakiwa jua jingi, kwa hiyo kinu kikawekwa sokoni katikati, na siku ile ilikuwa siku ya soko. Unaona sasa. Kasongo akaketi kwenye kigoda chake, mikuki imesimama nyuma, Bukuru anamsogelea na chungu cha pombe, kirikiri-kirikiri, watu wamejaa kama siafu, na mimi nimesimama pembeni na bakuli la masizi, nimejaa fahari mpaka kooni.

Na ndiyo siku ambayo maharagwe ya kwanza yaliteremka toka mlimani, juu ya kichwa cha mama yake Misago.

Alikuja akisukuma watu ili aone kinachotazamwa. Akaona. Kikapu kikateremka taratibu toka kichwani mpaka chini, na mkono ukaenda mdomoni.

"Yampayinka! Bukuru! Umezaa lini?"

Bukuru akaganda na chungu chake. "Sikuzaa, mama!"

"Kichwa chako kinasema umezaa. Mgongo wako unasema umezaa. Iko mdomo wako peke yake unaobisha."

Feruzi akajitia katikati na fezi yake. "Amahoro, mama, amani tu. Ni mchezo ya Bwana tu."

"Mchezo? Na ng'ombe wangu naye ni mchezo?" Akageuka kwa watu. "Mumuone huyu! Mwanangu anamchagulia ng'ombe, kumbe yeye huku chini amekwisha kuwa mama ya mtu!"

Bukuru akaanza kulia, masizi niliyompaka machoni yakamtiririka mpaka kidevuni, na mkono wake ukapanda kuivua ile taji. Wanawake wa mlimani waliokuwa pale wakapiga kelele wote pamoja, "Oya! Oya! Usiivue!" kwa sababu kwao kuivua urugori mbele ya watu hivyo ni kama kumzika mtoto. Basi akabaki hivyo, mkono juu, hawezi kuivua, hawezi kubaki nayo. Nikaona ndoa yake inapanda mlima mbele ya macho yangu, inarudi Bugarama na kikapu cha maharagwe. Na huko juu neno likifika halirudi chini tena.

"Ni yangu," nikasema. "Nimeisuka mimi."

Mama Misago akanitazama kuanzia miguuni. "Urugori haipeperushwi na upepo ikamwangukia mtu. Kama ni yako, vaa nikuone."

"Nitavaa juu ya kilemba."

"Inavaliwa kichwani."

Nikatazama kama Saleh yuko karibu anikataze. Alikuwepo. Alikuwa anatazama mbingu. Nikakifungua kilemba, mzunguko mmoja, mzunguko wa pili, na kila mzunguko ukitoka niliona wateja wangu wanaondoka mmoja mmoja. Kikaisha. Ngozi ile nilikuwa naipaka mawese isikauke, na jua la Rumonge halina adabu. Soko likageuka lote, hata kuku. Kisha muuza samaki mmoja, mwanamke ninayemjua, niliyemsuka kwa mikono yangu hii, akasema kwa sauti, "Loo! Msusi amesuka za watu, zake amesahau!"

Nikapeleka mikono kichwani kwa Bukuru, nikaiinua ile taji polepole, kama kitu kinachorudi kwa mwenyewe, nikaiweka juu ya kichwa changu. Haikupata pa kushika. Ikateleza, ikanifunika macho, ikakaa juu ya pua.

Nilisikia sauti ya mama Misago karibu na uso wangu. "Wewe si ndiye yule mugumba wa Saleh?"

Neno lile, mbele ya watu wote. Ziwani walikuwa wanalizunguka kwa "maji yametulia", yeye alilitoa lote kama mtu anayetema mbegu.

"Ndiye mimi," nikasema.

 Kikamwanza kicheko, kwanza puani, kisha tumboni, akaketi chini kabisa karibu na maharagwe yake. "Mugumba, tena wa upara, amevaa urugori! Basi hii haisemi mtu amezaa. Wadachi wamewatia wazimu watu wa chini!" Akajiinua, akafungua kitambaa mgongoni mwa Bukuru, akagonga kibuyu, ko ko ko. "Hodi, mjukuu wangu, uko?" Soko likaanguka kwa kicheko. Kasongo naye akacheka, na makunyanzi yake yakapasuka yakadondoka vipande vipande, mtawala akawa kijana na watu wakacheka upya.

Na wakati wote huo, kirikiri-kirikiri. Mudachi hakuacha hata kidogo. Feruzi alininong'oneza, "Dada, Bwana anasema geuka kidogo, jua lipate kichwa vizuri."

Ng'ombe alishuka, Bukuru aliolewa, na urugori yake mwenyewe alikuja kuivaa kwa haki. Mimi nilikaa miezi bila bibi harusi hata mmoja, watoto wananifuata wakiimba juu ya boga linalokwenda sokoni, na mwanamke wa kwanza kurudi magotini kwangu alikuwa yule muuza samaki (nilimvuta nywele kidogo, Mungu anisamehe). Mpaka leo najiuliza kile kichwa changu kiko wapi, kinatembea katika nyumba gani ya Ulaya bila kwenda popote, na waliokitazama walidhani ni desturi ya nani.

Nywele zangu zilikuwa zimeanza kuota Feruzi aliporudi. Bwana wake alikuwa huko Gitaza, kati ya watu wanaoanika ndagala, na anataka watu wa zamani tena, harusi nzima safari hii, bibi harusi na mama zake.

"Nywele nasuka, uongo sisuki," nikamwambia.

Akakaa bila kukaribishwa, akavua fezi, akaiweka gotini. Akasema, basi sikiliza, Bwana amepata ile taa. Ameleta na shuka jeupe. Nikienda Gitaza nitaketi mbele kabisa, na nitaona kwa macho yangu Kasongo anazeeka, Bukuru anatembea, na mimi mwenyewe nakifungua kilemba. Hakuna mtu mwingine wa Rumonge atakayeona. Kesho kutwa taa inaondoka na haitarudi.

Alijua pa kunigusa, mwanaharamu yule. Mikono yangu ilikuwa kwenye kichwa cha mteja, ikasimama. Niliuona ule mguu mdogo unasogea juani. Niliona shuka jeupe. Mteja akasema, "Mwanaidi, unaniumiza," maana nilikuwa nimeshika fundo na siachii.

"Dada," Feruzi akasema, "niseme unakuja?"

"Nywele nasuka, uongo sisuki."