Mwalimu wa Akina Mama wa Kihindi

Nilipopelekwa kufundisha kisomo cha watu wazima katika kituo cha ustawi cha Wahindi pale Tabora, nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja, viatu vipya, na majivuno ya kutosha shule nzima. Kituo kilikuwa nyuma ya maduka, upande wa kwendea Kanyenye: chumba cha nesi, chumba cha vyerehani, na ukumbi ambamo wajane na wazee wa Kihindi walikuja kunywa chai na kulalamikia joto. Nesi alimtibu yeyote aliyepanga foleni, kwa hiyo foleni ilikuwa ya mji mzima.

Serikali ilitaka kila mtu ajue kusoma na kuandika Kiswahili, na akina mama tisa wa pale nikakabidhiwa mimi. Kuongea waliongea, ila Kiswahili chao kilikuwa cha jikoni, amri tupu: lete, weka, ondoa, funga mlango. Niliapa kuwafundisha adabu.

Mkubwa wao alikuwa bibi mmoja mjane, mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi. Alikaa benchi la mbele, si kwa bidii ya masomo bali kwa kuwa ndipo sahani ya bajia ilipowekwa.

“Bibi, sema, ‘Naomba maji, tafadhali,’” nilimwambia siku ya kwanza.

“Nikisema tafadhali, maji iko kuja haraka?”

“Hapana. Ni adabu tu.”

“Basi wewe lete maji, mimi taleta adabu.”

Wenzake wakacheka. Nilileta maji.

Nilipowaeleza kwamba siku hizi sote tunaitana ndugu, aliinua kidole. “Polisi pia ndugu?”

“Ndugu.”

“Na mama mkwe yangu?”

“Ndugu, Bibi.”

Akatafuna bajia yake akifikiri. “Huyo alikufa,” akasema, kama mtu aliyeponea chupuchupu.

Asubuhi moja nesi aliniita kwa haraka. Mwanamke kutoka vijijini alikuwa amekuja na mtoto anayelia, na hakujua Kiswahili. “Wewe si Mnyamwezi?” nesi akaniuliza. “Njoo utafsiri.”

Mnyamwezi nilikuwa, lakini wa mjini. Baba yangu alikuwa karani wa reli, na nyumbani tuliongea Kiswahili tangu chai ya asubuhi hadi sala ya usiku. Nikajikaza. “Mwangaluka,” nikamwamkia. Yule mama akaitikia kwa furaha, kisha akamwaga maneno kama mtama kutoka ghalani. Sikuokota hata punje moja. Nikabaki natabasamu, darasa langu zima likinichungulia mlangoni.

Ndipo bibi wa benchi la mbele aliponisogeza kwa kiwiko. Akaketi kando ya yule mama, akampapasa mtoto sikio, akaanza kuongea. Kinyamwezi kilimtoka bila kikwazo, chenye mzaha na miguno ya kikwetu, kile ambacho nyanya yangu alikuwa akikiongea mimi nikiona aibu. Sauti yake yenyewe ilibadilika, ikawa ya msichana. Akamgeukia nesi: sikio linauma siku tatu, limetoa usaha. Kisha yule mama akasema jambo, wote wawili wakanitazama, wakacheka hadi miwani ikamdondoka bibi.

“Amesemaje?” nikauliza.

“Anauliza, huyu mwalimu ametoka nchi gani.”

Baadaye, tukinywa chai, alinieleza. Alizaliwa kijijini Ziba, nyuma ya duka la baba yake. Mama yake aliugua sana, akalelewa na jirani, mke wa mfugaji wa Kinyamwezi, pamoja na wanawe. Alipoolewa Tabora, mama mkwe alimkataza kusema lugha ile ndani ya nyumba. Akatii. Tangu hapo alikuwa akiiongea na kuku uani, na kuku, alisema, ni wasikilizaji wabaya.

Nilimwomba anifundishe.

“Sema tafadhali,” akajibu.

Basi kila siku, nusu saa kabla ya darasa, nilikaa mimi benchini. Alikuwa mkali kuliko mwalimu yeyote niliyewahi kupita mikononi mwake. Nikikosea aligonga benchi kwa kijiko, na akina mama wale wanane, waliokuwa wakiwahi makusudi, walinisikitikia kwa sauti kubwa.

Siku ya mtihani wa kisomo alikuja bwana wa elimu kutoka ofisi ya mkoa. Bibi akasimama, akasoma ubaoni, neno baada ya neno: “Mkulima analima shamba.” Akatulia, kisha akamgeukia yule bwana. “Na nani anapika?” Akafaulu.

Mtihani wangu aliutunga yeye mwenyewe. Alinituma sokoni kununua karanga kwa mwanamke mmoja wa vijijini, kwa Kinyamwezi kitupu. Nilijipanga njia nzima, nikaongea, nikajibiwa, nikarudi nikiwa nimenyoosha shingo. Alifungua kifurushi juu ya meza. Ndani mlikuwa na michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa.

“Umefeli,” akasema, akivuta kiti. “Ndugu, tafadhali, lete chai.”

Tukaila michembe yote, sisi kumi.