Kichwa cha Mtunzi na Sahani ya Bibi

Mwezi uliopita niliinunulia kwaya yetu ya Nyabiyonza kinanda kipya. Nilitoka nacho Mwanza, nikashuka nacho stendi ya Kayanga watu wakitazama, na sioni haya kusema kwamba katika ukoo wetu mimi ndiye wa kwanza kupata stashahada, ya maabara, na wa kwanza kuezeka bati la rangi. Mpiga kinanda alipokijaribu, vidole vyake vilianza wimbo mmoja wa polepole. Sauti nne tu, nikautambua.

Wimbo ule tulifundishwa nikiwa darasa la tano. Mwalimu Projestus, aliyeongoza kwaya kwa fimbo ya mti wa kahawa na utani, alituambia ulitungwa na Mzungu wa Austria, enzi za wafalme, mtoto wa fundi magurudumu. Alitoka kwao mdogo kwenda kuimba kanisani mjini, asirudi tena kuishi na wazazi. Sauti ilipovunjika wakamfukuza. Akalala darini, akapiga fidla barabarani, mwishowe wakubwa wa nchi wakamwita. Nilimpenda papo hapo. Nilijua nami nitatoka hivyo hivyo.

"Alipokufa," Mwalimu akasema, "watu walifukua kaburi wakaiba kichwa, wapime mifupa waone kipaji kinakaa wapi. Sasa ninyi sauti ya pili, mkiuharibu wimbo wake atakuja kuuliza kama kichwa mnacho. Ingawa akiwasikia tu, atajua hamna."

Tulicheka. Lakini njia ya nyumbani ilipita katikati ya migomba, na majani makavu yakiguswa na upepo hutembea kama mtu. Nilikimbia.

Bibi, mama yake baba, alikuwa akimenya ndizi. Alikuja Karagwe kutoka Rwanda, baba yangu akiwa mgongoni, na safari hiyo hakupenda kuieleza. Nilimsimulia yote nikitweta. Kisu kikasimama.

"Alirudishiwa?"

"Nini, Bibi?"

"Kichwa chake."

Mwalimu hakutufikisha huko. Lakini mimi nilikuwa wa kwanza darasani, na sikuzoea kukosa jibu.

"Hapana. Kilichopotea hivyo hakirudi."

"Mwalimu kasema?"

"Kasema."

"Haya, mjukuu wangu. Ninyi ndio mnaosoma." Akaendelea kumenya.

Tangu nipate akili, Bibi alipakua kila jioni sahani moja zaidi, akaifunika kwa jani la mgomba. Asubuhi sisi watoto tuliila, tukiamini ni kiporo chetu cha kwendea shule. Jioni ile hakuipakua. Kulipokucha nikalalamika njaa, mama akanifinya paja. Zamani hatua zikisikika njiani, Bibi aliinua uso. Sasa hakuinua tena, na mimi ndiye niliyeanza kugeuka nyuma nikipita migombani.

Miaka baadaye, katika maktaba ya chuo, nilisoma kwamba kichwa kilirudi. Kilizunguka mikononi mwa watu zaidi ya karne moja, kisha kikazikwa pamoja na mwili wake. Hata fuvu la mtu mwingine lililowekwa mahali pake halikuondolewa. Kaburi moja, vichwa viwili. Niliwasimulia wenzangu bwenini, wakanisifu kwa kusoma sana. Bibi alikuwa bado hai, na simu ya baba ilipatikana. Haikunijia akilini kupiga.

Ni kwenye msiba wa Bibi, tukiosha vyombo, ndipo shangazi aliponiuliza kama naikumbuka sahani ya Stefano.

"Stefano yupi?"

"Kaka mkubwa wa baba yako. Alipotea kwenye umati siku ya kuvuka mto kutoka Rwanda. Mama alimwekea chakula miaka yote, halafu siku moja akaacha. Mpaka leo hatujui kwa nini."

Mimi nilijua. Bibi hakuwa ameniuliza habari za Mzungu. Aliuliza kama aliyepotea hurudi, akamwuliza aliyesoma.

Shangazi alikuwa akinitazama, sahani mkononi, akingoja msomi wa ukoo aseme neno.

"Labda alichoka," nikasema.